Nani Anaanza Kupunguza Sauti?

Ndugu zangu, wazee wetu, mama zetu, na nyie vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Nimeitwa hapa niongee kuhusu uchaguzi, nikaomba niruhusiwe kuchanganya na mziki wa roki, alafu nichanganye tena na habari za nchi kushirikiana kwenye mambo ya mazingira, walionialika wakaniangalia kidogo wakasema haya, sawa. Mimi haya mambo matatu sijawahi kuyatenganisha kichwani mwangu, na sababu yake ilianzia kwenye chumba kidogo cha mazoezi.

Nilipokuwa kijana nilipiga gita la besi kwenye bendi. Tulikuwa wanne. Sasa kama ushawahi kukaa kwenye mazoezi ya bendi ya roki unajua kinachotokea, dramu haina kitufe cha kupunguza, ikipigwa imepigwa, basi mpiga gita hajisikii anaenda kwenye amplifaya yake anaongeza kidogo. Mwimbaji naye sasa hajisikii, anaongeza maiki. Mimi wa besi nikiona hivo naongeza. Mpiga dramu akiona tumemfunika anapiga kwa nguvu zaidi. Nusu saa haijaisha kila mtu kafika mwisho wa kitufe, masikio yanalia ngiii, na hakuna hata mmoja anayejisikia vizuri kuliko mwanzo. Na kila mmoja alikuwa na haki yake ya kuongeza, hakuna aliyekuwa mbaya pale! Alafu ukipunguza peke yako unapotea tu, wenzako hata hawajui kama umepunguza, kwahiyo kesho hupunguzi tena. Ilibidi tusimamishe wimbo, tukae chini, tukubaliane wote tunarudi mpaka wapi, na mtu mmoja akae nje ya mlango asikilize kama kweli tumerudi.

Miaka mingi baadae nikaanza kufuatilia jinsi nchi zinavyobishana kuhusu moshi na joto la dunia, nikajikuta nasema, jamani, hiki chumba mbona nakijua. Kila nchi inasema mimi nina viwanda vyangu, nina watu wangu wanataka kazi, yule pale mbona hajapunguza. Tofauti ipo moja na ni kubwa, sisi tulikuwa wanne wenye vyombo vinavyolingana, ila duniani kuna waliopiga kelele zaidi ya miaka 150 na kuna ambao ndo kwanza wanachomeka waya. Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotoka duniani kwa mwaka. Kwahiyo ukimwambia kila mtu apunguze sawasawa na mwenzake hapo hujatenda haki, umemwambia ambaye hajaimba anyamaze. Nitarudi hapo.

Ngoja kwanza niongee kuhusu roki yenyewe, sababu kuna watu wanadhani ni kelele za watoto wenye nywele ndefu na kwamba haijawahi kufanya kitu kwenye siasa. Mwaka 1976 huko Chekoslovakia, nchi ya Ulaya iliyokuwa chini ya wakomunisti wakati ule, serikali iliwakamata vijana wa bendi moja inaitwa The Plastic People of the Universe na wenzao, ikawapeleka mahakamani, wengine wakafungwa. Nyimbo zao hata hazikuwa za kuita watu barabarani, walikuwa wanapiga wanachotaka bila kibali basi. Lakini ile kesi iliwakusanya watu ambao kwa kawaida wasingekaa meza moja, waandishi, wakristo, wakomunisti waliofukuzwa chamani, maprofesa, wote wakajiuliza kama hawa wanafungwa kwa kupiga gita, sisi je? Januari 1977 wakatoa waraka wao, Charter 77, na wasemaji wake wa kwanza walikuwa mwandishi wa tamthilia Václav Havel, mwanafalsafa Jan Patočka na Jiří Hájek aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje.

Sasa sikilizeni hapa, sababu kwangu ndo moyo wa habari yote. Ule waraka haukuandikwa kwa matusi. Walichukua mikataba ya kimataifa ambayo serikali yao yenyewe ilikuwa imeisaini, makubaliano ya Helsinki ya 1975 na mikataba ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu, wakaiweka mezani wakasema, hii sahihi ni yenu, tunaomba mtekeleze. Patočka alikufa Machi mwaka huohuo baada ya kuhojiwa na polisi kwa muda mrefu. Havel alifungwa. Ilichukua miaka 12 na zaidi mpaka Desemba 1989 Havel akawa rais, na Juni 1990 watu wakapiga kura huru. Bendi ikawakutanisha watu, mkataba ukawapa cha kushika mkononi, na uchaguzi ukaja mwisho kabisa wa foleni. Sisi tunapenda kuanza na uchaguzi tunadhani ndo mlango, kumbe mara nyingi ndo chumba cha ndani kabisa.

Kuna vijana huwa wananiambia mzee sisi hatupigi kura, hazina maana. Siwezi kuwagombeza sababu kuna sehemu ya wanachosema nakielewa, kuna mahali kura yako kweli inapotea na si kwa sababu ya wizi, ni hesabu tu jinsi ilivyopangwa. Chukua vyama vya kijani, yaani vile vinavyoweka mazingira mbele. Ujerumani Magharibi chama chao kilianzishwa 1980, na Machi 1983 wakapata asilimia 5.6 ya kura, sheria ya kule inasema ukivuka asilimia 5 unaingia, wakaingia na viti 27, wakaenda bungeni na masweta yao na maua mikononi, watu wazima wakashangaa. Sasa nenda Uingereza mwaka 2015, chama cha kijani kilipata zaidi ya kura milioni 1.1 na kiti kimoja tu katika viti 650. Kura zaidi ya milioni moja za watu walioamka asubuhi wakapanga foleni, kiti kimoja, sababu kule anayeongoza jimboni anabeba kila kitu na wengine wote mnarudi nyumbani. Wananchi wale hawakukosa kujali mazingira, kilichowaangusha ni namna ya kuhesabu. Kwahiyo ukiniuliza leo sheria ipi ya mazingira naipenda kuliko zote nitakwambia ni sheria nzuri ya uchaguzi, na ninasema hivo nikimaanisha.

Na hata hesabu ikiwa nzuri bado unaweza kusema kweli ukashindwa. Hao hao kijani wa Ujerumani, 1990, nchi inaungana upya, kila mtu anaongea Ujerumani Ujerumani, wao wakaweka bango linalosema wote wanaongelea Ujerumani, sisi tunaongelea hali ya hewa. Bango lilikuwa na ukweli mtupu! Wakapata asilimia 4.8 upande wa magharibi, wakatoka bungeni, walibaki wenzao wachache wa upande wa mashariki. Mimi nimelifikiria lile bango mara nyingi sana, na nadhani kosa halikuwa kuongelea hewa, kosa ni kuongelea hewa kana kwamba furaha na hofu za watu wa siku ile hazikuwepo. Mtu analia kwa furaha sababu ukuta wa Berlin umeanguka na hajaonana na dada yake miaka 28, alafu wewe unamwambia hebu tuongee joto. Ungeanzia kwa dada yake kwanza.

Ila hawakufa. Walirudi 1994, na 1998 wakaingia kwenye serikali ya mseto. Na mmoja wa waliokiongoza chama hicho kwa miaka mingi ni Claudia Roth, ambae kabla ya siasa alikuwa meneja wa bendi ya roki inaitwa Ton Steine Scherben, akatoka pale 1985 akawa msemaji wa wabunge wa kijani, baadae mwenyekiti mwenza wa chama, baadae makamu wa spika wa bunge. Nampenda huyu mama kwa sababu moja, kazi ya meneja wa bendi ni kazi ya kuhakikisha gari lina mafuta, madeni yanalipwa, waliogombana wanaongea tena, na kesho asubuhi wote wapo stesheni. Siasa ya mazingira inataka watu wa namna hiyo wengi sana, kuliko inavyotaka waimbaji.

Na waimbaji wenyewe wakiingia siasa inakuaje? Ngoja niwape mfano wa Peter Garrett, yule mrefu mwenye kipara wa bendi ya Midnight Oil ya Australia. 1984 aligombea useneta kwa chama cha kupinga silaha za nyuklia, akapata kura nyingi za chaguo la kwanza, lakini kule kura zinahamishwa kutoka mgombea mmoja kwenda mwingine kwa mpangilio na vyama vikubwa vikahamisha za kwao pengine, akakosa. Mwaka 1990 yeye na bendi wakapanda juu ya lori wakapiga mziki mbele ya jengo la kampuni ya mafuta ya Exxon jijini New York, ni mwaka mmoja tu tangu ile meli Exxon Valdez imwage mafuta kwenye bahari ya Alaska. Alafu 2004 akaingia bungeni kupitia chama cha Labor, 2007 akawa waziri wa mazingira. Na 2009 akiwa waziri akaidhinisha mgodi mpya wa urani, madini ya nyuklia, unaitwa Four Mile. Mtu aliyejenga jina lake kwa kupinga nyuklia! Mashabiki waliumia, mimi nikiwemo, nakumbuka nilizima redio.

Lakini mwaka huohuo alikataa bwawa kubwa la Traveston kule Queensland, sababu lingewaweka hatarini samaki na kasa wa mto Mary ambao hawapatikani kwingine. Na 2010 serikali aliyokuwemo ikaipeleka Japani kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague kwa kuua nyangumi Antaktika kwa jina la utafiti, na Machi 2014 mahakama ikasema Japani isimamishe mpango ule. Sasa nikipima, yule mtu wa juu ya lori na yule mtu wa kwenye ofisi, yupi alifanya zaidi? Mimi nasema wa ofisini, na nasema hivo nikiwa bado nina maumivu ya ule mgodi. Kuna wenzangu hawakubali kabisa, wanasema heri angebaki na gita lake safi. Mimi naona mikono misafi ni rahisi ukiwa huna faili lolote mezani kwako la kusaini.

Kuna kisa kingine siwezi kukiacha na hiki kinaniuma zaidi. Marekani, mwaka 2000. Ralph Nader anagombea urais kwa chama cha kijani, mpinzani wake mmoja kwenye kuteuliwa ndani ya chama alikuwa Jello Biafra, mwimbaji wa zamani wa bendi ya Dead Kennedys, na kwenye mikutano ya Nader walikuja kupiga watu kama Patti Smith na Eddie Vedder wa Pearl Jam, kumbi zinajaa na watu wanalipa kiingilio kusikiliza siasa, fikiria. Ilikuwa na raha kweli, nilikuwa nafuatilia kwa mbali na moyo wangu ulikuwa pale. Jimbo la Florida, ambalo ndilo lililoamua nani anakuwa rais, likaamuliwa kwa kura 537 kati ya George W. Bush na Al Gore. Nader jimboni humo alipata zaidi ya 97,000. Bush akaingia, na Machi 2001 akatangaza nchi yake haitaendelea na Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, ambayo Gore aliyeshindwa ndiye alikuwa kwenye mazungumzo yake kule Kyoto 1997.

Siwalaumu waliompigia Nader. Kura ni yako, hakuna chama kinachoimiliki, na Gore angeweza kuzitafuta zile kura kwa jasho lake. Na mahakama kusimamisha kuhesabu upya ni habari nyingine ndefu. Lakini siwezi pia kujifanya sioni. Utaratibu wa kupiga kura raundi moja, anayeongoza kabeba, unamlazimisha mtu anayependa mazingira achague kati ya kusema ukweli wake na kuzuia hasara, na kumlazimisha mtu hivo ni ukatili. Kuna nchi zina raundi ya pili, kuna nchi unapanga wagombea wa kwanza wa pili wa tatu, kote huko mtu kama Nader angeimba wimbo wake mpaka mwisho bila kumuumiza mtu. Haya ni mambo ya kudai kabla ya uchaguzi, sio kulilia baada yake.

Tumefika sasa kwenye kelele na mkataba. Mnaujua Mkataba wa Paris, ule wa nchi kuzuia joto la dunia, ulikubaliwa 12 Desemba 2015, ukaanza kutumika 4 Novemba 2016. Siku nne baadae, tarehe 8, Marekani wakapiga kura na Donald Trump akashinda. Juni 2017 akatangaza anajitoa. Lakini walioandika ule mkataba waliweka kifungu, huwezi kutoa taarifa ya kujitoa mpaka ipite miaka mitatu tangu uanze, alafu ukishatoa taarifa usubiri mwaka mmoja. Miaka mitatu jumlisha mmoja, ikaangukia 4 Novemba 2020, siku moja tu baada ya uchaguzi mwingine. Mtu alijitoa rasmi wakati kura za mpinzani wake zinahesabiwa. Mpinzani huyo, Joe Biden, akaingia, 19 Februari 2021 nchi imerudi. Alafu 20 Januari 2025 Trump amerudi, siku ileile akasaini kutoka tena. Ndani, nje, ndani, nje, na kila safari dunia nzima inasubiri mlangoni kuona nani kashinda kwenye majimbo sita saba ya nchi moja.

Watu wengi wakiona hivo wanasema basi mikataba haina maana. Mimi nasema angalieni ule mwingine, wa ozoni. Miaka ya 70, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland waligundua gesi za kwenye friji na kwenye makopo ya kupuliza zinaharibu tabaka la ozoni, lile la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua, hiyo ni 1974. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza tundu juu ya Antaktika. Septemba 1987 nchi zikakutana Montreal zikasaini itifaki, miaka miwili tu. Aliyekuwa rais wa Marekani ni Ronald Reagan, hakuwa mtu wa kijani hata kidogo, na Seneti yao ikapitisha kwa kura 83 kwa sifuri. Leo kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa imeridhia, ozoni inapona, na kwa sehemu kubwa ya dunia inategemewa kurudi kama ilivyokuwa 1980 ifikapo karibu 2040, juu ya Antaktika itachelewa mpaka karibu 2066.

Tangu 1987 zimepita chaguzi ngapi duniani? Mamia. Wamekuja wa kulia wamekuja wa kushoto, na sijawahi kusikia mgombea hata mmoja wa maana akisimama jukwaani kusema nichagueni nitatoboa ozoni. Kwanini hii imedumu na ile ya Paris inayumba? Tuseme ukweli, gesi za friji ni kitu kidogo ukilinganisha na mafuta na makaa ya mawe ambayo uchumi mzima umekaa juu yake, na viwanda vilikuwa vimeshaona mbadala wa kuuza. Lakini yapo pia mambo walioandika walifanya kwa akili. Nchi maskini zilipewa miaka 10 ya ziada, hawakuambiwa wakimbie sawa na aliyeanza mbele. Mwaka 1990 ukaanzishwa mfuko ambao nchi tajiri zinaweka hela kuzilipia nchi maskini gharama za kubadilisha viwanda vyao, na kwenye kuuamulia ule mfuko pande zote mbili zina viti sawa. Na aliyekataa kusaini aliwekewa kizuizi cha biashara ya gesi hizo, kwahiyo kukaa nje ya chumba kukawa na hasara. Yule mtu wetu wa kukaa nje ya mlango kusikiliza pia yupo, wanasayansi wanatoa tathmini kila miaka minne. Na hawakusimama, 2016 kule Kigali wakaongeza gesi nyingine, zile zilizokuja badala ya zile za mwanzo, sababu haziharibu ozoni lakini zinapasha joto vibaya sana.

Hicho ndicho nachokiamini mimi, na kama mtaondoka na kitu kimoja kutoka kwangu kiwe hiki: tusiweke mazingira yetu kwenye mkono wa mshindi wa uchaguzi mmoja. Mgombea mzuri tumtafute ndio, tumpigie kura, tumchezee na mziki. Lakini tumtumie akiwa pale kuandika mambo ambayo mbaya atakaemfuata atashindwa kuyafuta, au ataona aibu, au itamgharimu. Uchaguzi wa kweli wa mazingira unapimwa siku mtu wako anaposhindwa. Kama siku hiyo kila kitu kinaanguka, mlikuwa na shujaa tu.

Sasa ile habari ya haki niliyosema nitairudia. Miaka ya 70 Zambia ilikuwa na roki yake, Zamrock wanaiita, bendi kama WITCH, Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi, gita limejaa mkwaruzo wa umeme lakini chini yake ngoma unazozijua. Ule mziki ulisimama juu ya shaba. Shaba ndo ilileta karibu fedha zote za kigeni, wafanyakazi wa migodini wana mshahara, wananunua santuri, kumbi zinajaa. Mwaka 1975 bei ya shaba ikaanguka kwenye soko la dunia, uamuzi ambao hakuna mpiga kura yeyote wa Zambia aliushiriki, na taratibu kila kitu kikakauka, hela, umeme, kumbi. Baadae ukimwi ukawaondoa wengi wa wale wanamuziki. Jagari Chanda, mwimbaji wa WITCH, aliishia kuchimba vito, na Mungu mkubwa, miaka hii ya karibuni amerudi jukwaani na anazunguka dunia na nywele zimekuwa nyeupe.

Leo dunia inataka tena shaba. Gari la umeme linataka shaba, mtambo wa upepo unataka shaba, kila waya wa hii dunia mpya ya kijani ni shaba, na betri zinataka kobalti ambayo kwa sehemu kubwa inatoka Kongo. Mwaka 2022 Zambia na Kongo zikakubaliana kushirikiana kutengeneza betri wenyewe badala ya kupakia mawe kwenye treni. Hapa ndipo nataka muwe macho. Ushirikiano wa kijani unaotoa shaba ardhini kwa bei ya mtu mwingine, unaacha shimo na mto mchafu, alafu unakuja kukuuzia gari, huo ni wimbo uleule wa 1975 umebadilishwa jalada. Nchi tajiri ziliahidi Copenhagen mwaka 2009 kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kwa mwaka za kukabili joto la dunia kufikia 2020, kwa hesabu zao wenyewe walifika 2022, miaka miwili kachelewa, na nyingi ya pesa hizo ni mikopo. Mkopo! Nimekuvunjia dirisha kwa kelele zangu alafu nakukopesha hela ya kioo na riba juu. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuwasaidia wanaopigwa na maafa ya hali ya hewa, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh kule Misri 2022 ni jambo jema na watu wa visiwa walilipigania miaka zaidi ya 30, lakini ahadi zilizowekwa ndani ni ndogo mno kwa ukubwa wa maafa. Hapo sina maneno ya upole.

Kuhusu matamasha ya roki yenyewe kuwa ya kijani nitapita haraka. Coldplay mwaka 2024 walisema ziara yao imepunguza hewa ukaa kwa asilimia 59 ukilinganisha na ile ya 2016 na 2017, na nawapongeza. Ila kwenye tamasha kubwa sehemu kubwa ya moshi huwa ni safari za mashabiki wenyewe kuja uwanjani, na hiyo mwanamuziki hawezi kuimaliza, inataka treni na mabasi, ambayo yanataka bajeti, ambayo inatoka kwa watu mliowachagua. Unaona tunavyozunguka tunarudi palepale.

Nimalize na jambo langu mwenyewe ambalo sijawahi kulisema hadharani. Bendi yetu iliwahi kulipwa kupiga kwenye kampeni ya mgombea mmoja, jina lake liacheni. Aliahidi miti elfu kadhaa. Siku ya kupanda ikafika, kamera zimekuja, sisi tumefunga vyombo, watu wanacheza, miche inashuka kwenye lori, kila mtu anapanda anapigwa picha. Nilikuwa na furaha siku ile, kweli kabisa, nilidhani nimefanya kitu na gita langu. Baada ya miezi miwili nikapita pale. Yote imekauka. Nikachuchumaa nikachimba mche mmoja kwa mkono, nikakuta mizizi bado imefungwa kwenye kifuko cha nailoni, haikutolewa, ilifukiwa nacho hivohivo. Nikachimba wa pili, kifuko. Wa tatu, kifuko. Watu tulikuwa mamia pale na hakuna aliyeulizwa kama anajua kupanda, na mimi nilikuwa napiga mziki kwa sauti kubwa kiasi kwamba hata kama bibi mmoja angepaza sauti kusema jamani toeni vifuko, nani angemsikia?

Tangu siku ile kila mgombea akija namuuliza mambo machache tu na nawaomba na nyie mkamuulize. Chini ya Mkataba wa Paris kila nchi inaandika mpango wake na inauandika upya kila miaka mitano, mpango huo upo kwenye daftari la Umoja wa Mataifa kwenye intaneti, uko wazi, hauhitaji kumuomba mtu. Ufungueni. Muulizeni ameusoma? Anataka kubadilisha ukurasa upi? Pesa yake ipo kwenye bajeti ya wizara gani, ni mkopo au msaada, na nani atakuwa anamwagilia mwezi wa pili, nataka jina la idara, sio wimbo. Akikasirika muacheni akasirike. Na nyie wenye bendi, mkiitwa kupiga kwenye mkutano wake kapigeni kama mnamuamini, lakini kabla ya kupanda jukwaani ombeni dakika kumi vyombo vizimwe vyote, watu waulize maswali kwanza, alafu ndo muwashe.

Basi mimi naishia hapo, nawaomba mafundi wa sauti wazime hizi spika za mbele tusikilizane. Naona mikono imeshanyooka. Tuanze na yule mama wa kulia pale aliyenyoosha tangu nilipokuwa naongelea miche.